Sehemu ya 6: Kanuni Inaruhusu, Hailazimishi (Ubishi wa Watoto kwenye Dungeons & Dragons)

Nesi wenu nimerudi.

Leo naongelea kitu ambacho wengi mmeniuliza inboksi, hasa mnaolea watoto huku Marekani kama mimi: ule mchezo wa mezani wenye madadu ya pande nyingi, Dungeons & Dragons. Watoto wanaujua shuleni au maktaba, wanauleta nyumbani, wanatulia vizuri saa nzima mpaka unashangaa. Halafu yanaanza mapigano ya mashujaa na mazimwi, na papo hapo yanaanza mapigano ya kweli. "Kanuni haisemi hivyo!" "Inasema!" Mdogo analia, mkubwa anafunga kitabu kwa hasira, na mama kutoka jikoni anasema, toeni hayo madubwana yenu mezani, chakula kiko tayari.

Msimamo wangu ni huu: usiutoe mchezo, na wala usiuzime ule ubishi. Kubishana kanuni inamaanisha nini ndo faida kubwa mtoto anayoipata pale. Kinachokosekana ni utaratibu, na huo mama unaweza kuuweka hata kama hujawahi kushika dadu.

Kwa wasioujua, kwa kifupi. Mchezo huu ulitoka 1974, ukatungwa na Gary Gygax wa kule Wisconsin na Dave Arneson, mtu wa huku huku kwetu Minnesota. Kila mtoto ana mhusika wake, mpiganaji, mchawi, mwizi mjanja na kadhalika. Mmoja wao ni msimamizi: anasimulia hadithi, anacheza upande wa mazimwi, na ndiye refa. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu ya pande 20. Najua jina na picha za majoka zinawatia wengine wasiwasi, hata Wamarekani wenyewe miaka ya 1980 waliuogopa sana wakausingizia ushetani. Leo siendi huko. Leo ni kanuni za mapigano.

Kwa nini ubishi unaanzia kwenye mapigano? Kwa sababu hapo ndipo mtoto anaweza kumpoteza mhusika aliyemtunza miezi. Akiwa sokoni ndani ya hadithi ananunua kamba, hakuna anayejali kanuni. Akibakiwa na pointi 3 za uhai na zimwi limemwelekea, kila neno la kitabu linakuwa na uzito. Nani asingebishana?

Sasa twende taratibu. Mambo matatu.

KWANZA, ISOMWE YOTE, KISHA IELEZWE KWA KISWAHILI.

Ugomvi mwingi unatokana na mtoto kukumbuka jina la kanuni badala ya maneno yake. Mfano mzuri ni wa yule mwizi mjanja. Ana pigo lake maalumu linaloongeza maumivu kwa adui, na jina lake kwa Kiingereza linafanya udhani lazima awe amejificha. Basi msimamizi anasema, "Hujajificha, hupati." Mwenye mhusika anapiga meza. Lakini ukisoma kanuni yenyewe, kujificha hakumo kwenye masharti. Inatosha awe na nafasi bora ya kurusha, au awepo mwenzake, aliye imara, ndani ya futi 5 za yule anayepigwa, mradi mwizi mwenyewe hayuko kwenye hali ya kumpunguzia nafasi. Tena silaha iwe ya ustadi au ya kurusha kwa mbali, siyo rungu.

Halafu kuna sehemu inayosema pigo hilo ni mara moja kwa zamu. Watoto wengi wanasoma haraka wanaelewa mara moja kwa raundi. Hapo Kiswahili kinasaidia. Zamu ni ya mtu mmoja. Raundi ni pale wote mmeshapata zamu zenu, na ndani ya hadithi ni kama sekunde 6 tu. Kwa hiyo mwizi akipata nafasi halali ya kupiga kwenye zamu ya mtu mwingine, masharti yakitimia, anaweza kulitumia tena. Mwambie mwanao akueleze hilo kwa Kiswahili wewe uliyeko jikoni. Akishindwa kulieleza, ujue bado hajalielewa, amelikariri. Na sisi tunaolalamika watoto wa huku Kiswahili kinawatoka, hii nafasi ya bure tunaiachaje?

PILI, ULIZA NI KITABU KIPI.

Hili limezigombanisha familia nyingi kimyakimya. Mjomba aliyecheza miaka ya 2000 anakaa na wapwa wanaocheza toleo la tano, lililotoka 2014 na kufanyiwa marekebisho 2024. Mtoto anamzunguka zimwi lililo karibu naye ili akae upande wa pili. Mjomba anasema, "Ukisogea hivyo linakupiga pigo la bure." Mtoto anasema halinipigi. Nani kasema kweli? Wote wawili. Katika toleo la tatu, kutembea ndani ya eneo ambalo adui anakufikia kulitosha kukupatia pigo. Katika toleo la tano, adui anapata pigo hilo pale tu unapotoka kabisa nje ya mfikio wake. Ukimzunguka bila kutoka, hakuna kitu. Ukitumia zamu yako kujiondoa kwa uangalifu, hakuna kitu. Ukisukumwa na mwingine, hakuna kitu.

Mjomba si mwongo na mtoto si mkaidi, kila mmoja ana kitabu chake kichwani. Wakubaliane kabla ya kuanza: leo tunatumia kitabu hiki. Kanuni za msingi za toleo la tano zipo bure kwenye intaneti, kwa hiyo hata hela si kisingizio.

TATU, NA HII NDIYO KUBWA: INARUHUSU AU INALAZIMISHA?

Mama mmoja aliniandikia. Mwanawe wa miaka 14 ndiye msimamizi, binti yake wa miaka 9 ni mchezaji. Mhusika wa binti akafika pointi 0, akaanguka amezimia. Kanuni hapo iko wazi: kila zamu yake anarusha dadu ya pande 20. Akipata 10 au zaidi ni hatua moja ya kuokoka, chini ya hapo ni hatua moja ya kufa. Tatu za kuokoka, ametulia. Tatu za kufa, basi. Binti alikuwa tayari na moja ya kufa. Kaka mtu akasema zimwi linampiga pale pale chini. Na kitabu kinasema pigo la karibu likimpata aliyezimia linahesabiwa pigo kali kabisa, sawa na hatua mbili za kufa. Dadu ikagonga. Moja na mbili ni tatu. Mhusika amekufa. Mtoto alilia mpaka akalala, na kaka akawa anamwonyesha mama ukurasa: "Mama angalia, kanuni!"

Mama akaniuliza, nesi, kwani kakosea nini?

Hesabu alipatia kabisa. Lakini kanuni ile inasema nini kinatokea ZIMWI LIKIMPIGA aliyeanguka. Haisemi zimwi LAZIMA limpige. Pale mbele kulikuwa na mpiganaji mwingine mwenye panga anayelikatakata. Zimwi lenye akili timamu lingegeukia nani? Kumpiga aliyelala ulikuwa uamuzi wa msimamizi, na uamuzi ukishakuwa wako usijifiche nyuma ya ukurasa. Kitabu cha msimamizi chenyewe kinasema kanuni haziutawali mchezo, anayeuongoza ni msimamizi. Ukipewa usukani, na ajali ni yako.

Sisemi mhusika wa mtoto asife kamwe. Wengine watanipinga hapa, watasema hatari ikiondolewa mchezo unapoa, na wako sahihi. Mtoto akijua hafi hatafikiri, hatamsaidia mwenzake, hatakimbia pale pa kukimbia. Ninachotaka ni waambiane mapema: kwenye meza yetu mazimwi yanapiga walioanguka au hayapigi? Likishasemwa kabla, hata machozi yakija hayana uchungu wa kuonewa. Kinachomuumiza mtoto wa miaka 9 ni kuhisi kaka katumia kitabu kumkomoa. Kifo cha mhusika anakisahau wiki ijayo, kukomolewa anakukumbuka.

Na kipimo kingine rahisi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tafsiri yoyote ya kanuni ijaribiwe pande zote mbili. Kama zimwi linaruhusiwa kuzunguka bila kupigwa, shujaa naye aruhusiwe. Kama mwizi wetu anapata pigo lake maalumu, mwizi wa upande wa adui mwenye uwezo huo huo naye anapata. Msimamizi anayebadilisha tafsiri kulingana na nani anaumia, huyo hafasiri kanuni, anapendelea. Watoto wanaliona hilo haraka kuliko sisi.

SASA MAMA UNAINGIAJE?

Usiwe hakimu wa kanuni. Ukisema "mwachie mdogo wako ashinde", umemfundisha mdogo kulia na mkubwa kuchukia. Wewe simamia utaratibu. Ubishi dakika 2, kitabu kifunguliwe, anayedai asome kwa sauti. Jibu lisipopatikana, msimamizi anaamua kwa sasa na mchezo unaendelea. Kitendawili kinaandikwa kwenye karatasi, kinatafutwa baada ya kula. Ikionekana msimamizi alikosea, wanasahihisha mchezo ujao, hakuna kurudisha nyuma. Mtoto anayeweza kukubali uamuzi asioupenda, akaendelea kucheza, akarudi na hoja yake baadaye bila matusi, huyo umemlea. Wapo watu wazima kazini hawawezi.

LAKINI NISIKILIZENI KAMA NESI.

Wafundisheni pia kwamba zipo kanuni za kufasiri na zipo zisizofasiriwa mezani. Kipimo cha dawa ya mtoto hakina mjadala wa "kwa maana yangu". Sisi kazini agizo la dawa lisiposomeka vizuri hatukisii, tunampigia aliyeandika. Nyumbani ni hivyo hivyo, usiposhika maelekezo muulize mfamasia.

Na kuna hili la pointi za uhai. Ndani ya mchezo mtu anapigwa mapanga, analala saa 8, anaamka mzima. Gygax mwenyewe alieleza kwenye kitabu cha msimamizi cha 1979 kwamba pointi zile hazihesabu nyama na damu peke yake, ndani yake mna ustadi na bahati ya kukwepa. Kama tafsiri ya mchezo ni nzuri tu. Ila mweleze mtoto kwa maneno yako kwamba mwili wake hauna pointi. Mtoto aliyegonga kichwa akazimia, hata kama ameamka na anasema yuko sawa, anaonwa na daktari. Akitapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au akapata degedege, hiyo ni 911 hapo hapo. Asipewe maji wala kitu chochote mdomoni akiwa hajitambui.

Na kwa wenye wadogo wanaoigiza wakubwa: kwenye mchezo kuna kichupa cha dawa nyekundu, ukinywa unapona. Kabatini kwako kuna chupa ya dawa ya kikohozi inayofanana nayo. Panda juu, funga. Ikitokea amekunywa na bado yuko macho, kituo cha sumu huku Marekani ni 1-800-222-1222, saa 24. Akizimia au akishindwa kupumua, ni 911.

Wiki hii fanyeni jambo moja. Kabla watoto hawajarusha dadu, waulize maswali mawili mezani: leo tunatumia kitabu kipi, na mazimwi yenu yanapiga walioanguka? Waache wajibu wenyewe, kwa Kiswahili. Kisha rudi kwenye chapati zako.

Mwenye maoni tofauti aweke hapo chini, hasa nyie mnaocheza wenyewe, najua mpo. Sehemu ya 7 ni chanjo kabla shule hazijafunguliwa. Mpelekee mama mwenzio anayetaka kutupa madadu leo jioni.