Tufunge Siri, Tusipoteze Ufunguo

Wapo wenzangu wanaoamini kwamba siri za shule zinalindwa na kufuli la mlango wa chumba cha tarakilishi. Mimi siafiki hata kidogo. Majina ya wanaosaidiwa karo, nambari za simu za wazazi, na yale tunayomwambia mwalimu wa ushauri, yote yanaweza kuchomwa kwenye sidii moja ya megabaiti 700, ikatiwa mfukoni na kupita langoni.

Hebu tutazame Uingereza. Mwaka wa 2007 idara ya kodi ya huko ilituma sidii mbili, zikapotea njiani. Ndani mlikuwa na habari za watu milioni 25, pamoja na akaunti za benki za wengi wao. Sidii zile zilikuwa na neno la siri, lakini mafaili yenyewe hayakuwa yamefumbwa. Kufumba ni kuyageuza maandishi, kwa hesabu ngumu, yasisomeke na yeyote asiye na ufunguo. Siri ya mtungi aijuaye kata! Hata hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja ufumbaji miongoni mwa njia za kulinda habari za watu.

Lakini nami niungame kosa langu. Likizo moja nyumbani Gotu nilimrekodi babu kwa simu, akisimulia ukame wa 1984, visima vilivyokauka, na nani alimnyima nani maji. Kwa kuwa alitaja watu walio hai, nilikwenda kwa binamu yangu mjini Isiolo, nikafumba masimulizi yote katika faili moja, nikachoma sidii, kisha nikayafuta simuni ili nipate nafasi. Sidii nikaiweka dirishani.

Jua la Gotu halina mchezo. Mwaka uliofuata sidii ya nyimbo iliyokuwa kando yake ilikwama hapa na pale, lakini nyimbo kadhaa zilisikika. Yangu ilikataa katakata. Kumbe faili lililofumbwa likiharibika mwanzoni, pale penye habari za ufunguo, lote huenda! Babu ametangulia mbele ya haki, na sauti yake sina.

Ndiyo maana nasema kufumba peke yake hakutoshi. Sidii ya kuandikwa mara moja ina tabaka la rangi ambalo leza hulichoma, na jua nalo hulififisha. Ile ya kuandikwa upya, kiasi cha mara 1,000, haina rangi hiyo, ila ina mtego wake: ukiifuta upesi upesi, mara nyingi kinachofutwa ni orodha ya yaliyomo tu. Mafaili yenyewe bado yamo, na mjuzi atayatoa.

Basi naiomba shule yetu ifanye mambo manne. Kwanza, mafaili ya siri yafumbwe kwenye tarakilishi kabla ya kuchomwa, si baadaye. Pili, kila sidii iwe na nakala mbili, zikae mahali pawili tofauti penye giza na ubaridi, na kila mwaka zifunguliwe kuona kama zi hai. Tatu, ufunguo uandikwe, utiwe katika bahasha mbili zilizofungwa, wapewe watu wawili. Mmoja akihamishwa, tusibaki tukikodoa macho. Nne, sidii mbovu ikatwe vipande, isitupwe jalalani.

Na yasiyo siri, kama vile hadithi, mashairi na picha za chama chetu, tusiyafumbe kamwe. Hayo ni ya wote, tuyanakili, tuyagawe.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: siri bila ufunguo humpotea hata mwenyewe.