Mahali pa kupumua Eastlands: Vijana wamejitengenezea, ila ni nani atawalindia?

UTULIVU Eastlands ni adimu kama maziwa ya kuku. Uwe Kayole, Umoja, Dandora ama Huruma, unaamshwa na honi za matatu na kulazwa na spika za baa. Chumba chenyewe unagawana na ndugu zako. Kijana akitaka nusu saa tu akae peke yake atulize bongo, aende wapi?

Wapo watakaosema hilo ni swali la walioshiba, kwamba kijana atafute kazi kwanza. Lakini asiye na kazi ndiye anayeshinda mtaani na presha kichwani mchana kutwa. Akiketi chini ya mti saa nne asubuhi, huenda akaulizwa na askari anangoja nini hapo.

Mwaka wa 2019, watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 20,000. Waliokaa angalau dakika 120 kwa wiki penye miti, nyasi au maji walielekea zaidi kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Iwe ni safari moja ndefu au kadhaa fupi, matokeo yalikuwa yale yale. Ni kweli utafiti huo haukuthibitisha kwamba miti ndiyo dawa, na Uingereza si Kayole. Lakini dakika 120 kwa wiki ni kama dakika 17 kwa siku. Hata mtu wa mjengo anaweza kuzipata, mradi mahali penyewe pawe karibu.

Hapo ndipo shida ilipo. Nairobi inasifika kwa kijani chake, ila kingi kiko upande ule mwingine wa jiji. Hayati Wangari Maathai alipinga jumba la orofa 60 lisijengwe Uhuru Park mwaka wa 1989, na mwaka wa 1999 akapigwa akitetea msitu wa Karura. Tunamshukuru. Lakini hebu piga hesabu: tuseme nauli ya Kayole hadi katikati ya jiji ni Sh80, na Sh50 nyingine hadi Karura. Kwenda na kurudi ni Sh260. Kiingilio tuseme Sh100. Hiyo ni Sh360 kabla hujanunua maji. Ukienda mara nne kwa mwezi, umetumia Sh1,440. Kwa anayeishi kwa vibarua, huo ni unga wa siku kadhaa.

Si kwamba Eastlands ilizaliwa bila nafasi. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa kama mtaa wa bustani: nyumba za chini, viwanja vya nyasi katikati, na ukumbi wa kijamii ambao wenyeji wote walikuwa wakiufikia kwa miguu. Watu walipoongezeka na nyumba zisiongezwe, mabati yalianza kula nyasi. Kwingine viwanja vya watoto viligeuka maegesho, vioski ama ploti za watu. Dandora nayo, iliyopangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipata jirani ambaye hakuna aliyemtaka: jaa la taka la jiji zima, ambalo lipo mpaka leo.

Na bado ni huko huko vijana walianza kujisaidia. Katika baadhi ya nyua za Dandora, makundi ya vijana yalizoa taka, yakapanda miti na maua na kupaka kuta rangi. Wenye nyumba wakawa wanachanga kidogo kila mwezi ili ua ubaki safi na salama. Korogocho, kundi la Komb Green Solutions liligeuza ukingo wa Mto Nairobi, uliokuwa jalala, kuwa bustani ya umma. Baadhi ya waliofanya kazi hiyo waliwahi kuishi kwa uhalifu. Mtu akaweza kuketi kivulini pale bila kulipia geti.

Tatizo ni karatasi. Bustani ya kando ya mto haina hatimiliki kwa jina la vijana walioitengeneza. Baada ya mafuriko ya 2024, serikali ilibomoa nyumba nyingi kandokando ya mito. Machi 2025, Rais William Ruto alizindua mradi wa Sh50 bilioni wa kufufua Mto Nairobi. Mitaa mikongwe kama Makongeni na Shauri Moyo nayo imo katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Mto safi na nyumba bora tunazitaka. Lakini kila tingatinga linapoingia, mwenye jasho bila karatasi ndiye huondoka kwanza.

Kwa hivyo mambo mawili yafanywe mapema. Makundi yaliyotunza kingo za mto yatambuliwe kwa maandishi na kupewa kazi ya kuzisimamia, badala ya kuitwa tu kwa kibarua cha kufagia. Pili, kila ramani ya nyumba mpya ionyeshe uwanja wa wazi usiouzwa, wenye taa, ili hata msichana aweze kuketi jioni bila woga. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na hakijasema ni wa Muthaiga peke yake.

Nawe unayesoma, ukisikia kuna kikao cha umma kuhusu mto ama nyumba mtaani kwenu, fika. Uliza swali moja tu: mti wetu uko wapi kwenye hiyo ramani? Ukinyamaza, utakuja kupewa jibu na mwenye tingatinga.