Sanduku Tupu Si Urithi

Imekuwa fahari siku hizi kwa baadhi ya watu wenye nafasi kukusanya kamera kuukuu za sanduku, zile nyeusi zenye umbo la kasha dogo, na kuzipanga juu ya kabati la sebuleni baina ya vinyago na saa mbovu. Mgeni akifika huonyeshwa, husifu, kisha chai huletwa. Sisi hatuna ugomvi na mtu anayepamba nyumba yake. Ugomvi wetu ni pale anapotuambia kwamba anahifadhi historia.

Kwanza na tukijue kitu chenyewe. Mwaka 1888 George Eastman wa mji wa Rochester, Marekani, alitoa kamera aliyoiita Kodak, yenye filamu ya kutosha picha 100. Bei yake ilikuwa dola 25, fedha nyingi kwa mfanyakazi wa siku hizo. Na filamu ikiisha, kamera nzima ilirudishwa kiwandani ikafunguliwe huko. Mwaka 1900 kampuni yake ikatoa Brownie: kasha la karatasi ngumu lililovikwa kitambaa mfano wa ngozi, lenzi moja, bei dola 1 tu. Hapo ndipo kazi ya picha ilipotoka kwa mafundi na matajiri ikaingia mikononi mwa karani, mwalimu, hata mtoto wa shule.

Basi kamera ya namna hii si kito adimu, na anayeisifu kwa uchache wake hajui alisemalo. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Thamani yake imo katika kujua nani aliishika, na alimwelekezea nani. Mafundi wa studio, kama ile ya Capital Art Studio iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, waliwapokea watu waliokwisha kuvaa nguo za sikukuu na kukaza shingo. Mwenye sanduku alilishika tumboni, akainamia kile kioo kidogo cha juu kama asomaye barua, akangoja jua litoke, maana bila jua sanduku halikuona kitu, akampiga shangazi akipeta mchele. Picha za studio zipo nyingi. Za shangazi na ungo wake ni chache, na zinazidi kupungua.

Tuseme tuliloliona kwa macho yetu. Katika mnada wa mji mmoja wa bara tulimkuta kijana akimwuzia mkusanyaji kamera ya sanduku. Mnunuzi akataka kuona ndani. Kijana akaifungua papo hapo, saa sita ya mchana, na kumbe filamu ilikuwamo. Ikavutwa yote kama utumbo wa kuku, ikatupwa mavumbini. Picha zilizongoja kusafishwa kwa miaka tusiyoijua ziliungua kwa dakika moja. Mnunuzi akalipa, akaenda zake na kasha lake, ameridhika. Nasi tuliokuwapo hatukuwahi kusema neno. Hilo nalo tunalikiri.

Wapo watakaotujibu kuwa kamera ni chombo cha mkoloni, na taifa halina haja ya kulilia takataka zake. Ni kweli kwamba Eastman mwenyewe alifika Kenya mwaka 1926, na alikuja kuwinda. Ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi sisi tulikuwa wa kupigwa picha tu, si wa kupiga. Lakini cherehani nayo ilikuja kwa meli, wala hatujasikia mtu akivua kanzu kwa sababu hiyo. Mzee aliyenunua sanduku kwa mshahara wake, akageuza lenzi iwatazame watu wa nyumbani kwake kwa jicho lake mwenyewe, alifanya kazi ya utamaduni. Kumnyima sifa hiyo ndiyo kasumba hasa.

Walimu wanaweza kutusaidia. Mwanafunzi akikuta sanduku la namna hii kwao, asilifungue. Atazame kwanza kile kidirisha chekundu cha nyuma: akiona namba au karatasi, filamu imo, na lipelekwe kwa fundi alifungue gizani. Likiwa tupu, bado lina kazi. Filamu ya namba 120, iliyotolewa mwaka 1901 kwa ajili ya Brownie ya pili, inatengenezwa hata leo. Ile ya 620 ilikoma mwaka 1995, lakini filamu ya 120 yaweza kuviringwa gizani juu ya kigurudumu chembamba cha 620, ikafaa. Kisha zitafutwe picha zenyewe, na mwenye sanduku, kama yu hai, aulizwe. Bibi akitaja jina la yule aliyesimama mlangoni, liandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, si kwa wino, maana wino hupenya.