Usiridhike na neno 'kawaida' katika kipimo cha figo

Ndugu msomaji, hapa Lamadi kila Ramadhani inapokaribia hunijia wazee wenye kisukari na shinikizo la damu, karatasi ya majibu ya maabara mkononi. "Mwanangu daktari, figo si nzima? Nifunge?" Nikiitazama naona kreatinini peke yake, na pembeni neno "kawaida". Kwa maoni yangu, jibu hilo halitoshi.

Kreatinini ni taka itokanayo na misuli, na figo huichuja kutoka kwenye damu na kuitoa kwa mkojo. Figo zikidhoofu, taka hiyo hulundikana katika damu. Lakini mwenye misuli mingi huizalisha kwa wingi, na kikongwe aliyekonda huizalisha kidogo. Ndiyo maana namba moja huwa na maana mbili.

Chukua kreatinini ya maikromoli 100 kwa lita. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021, inayozingatia umri na jinsia, inakadiria kuwa figo za kijana wa kiume wa miaka 25 zinachuja mililita 92 hivi kwa dakika. Hizo ni nzuri. Bibi wa miaka 70 mwenye namba hiyo hiyo anapata 52 tu. Ikibaki chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimeshindwa kazi.

Hata hivyo, makadirio ni makadirio. Utafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha kuwa hesabu za kreatinini huzipa figo sifa kubwa kuliko uwezo wake halisi. Kwa hiyo mkojo nao upimwe protini. Jirani zetu wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2013 utafiti wa wagonjwa 369 wa kisukari: zaidi ya asilimia 80 walikuwa na ugonjwa wa figo, na wengi wao walijulikana kwa mkojo.

Rai yangu kwa matabibu wenzangu: tusimkabidhi mgonjwa kreatinini tupu, tumfanyie hesabu. Nawe msomaji, uliza mambo matatu: figo zangu zinachuja kiasi gani? Mkojo una protini? Nirudi lini kupima tena? Wala usitulize maumivu kila siku kwa diklofenaki ya dukani, kwani dawa hiyo huumiza figo.

Ama kufunga, dini imempa mgonjwa ruhusa. Lakini atajuaje kuwa ni mgonjwa, ilhali karatasi yake imemwambia "kawaida"? Tusingoje miguu ivimbe. Tupime mapema, kabla ya mwezi kuandama.