Siku ya Mtoto wa Afrika haikuanza na keki

Makamanda, leo ni Juni 16. Mtaziona picha: watoto wamevaa fulana mpya, wamesimama juani tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi. Watasoma ngonjera ya kumshukuru, watapewa juisi, watarudi nyumbani. Hivi kuna aliyewaambia wanaadhimisha nini?

Wanaadhimisha maandamano. Tena yasiyo na kibali cha polisi! Mwaka 1976 serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliwalazimisha wanafunzi weusi kusoma masomo kama hisabati kwa Kiafrikana, lugha ambayo hata walimu wao wengi hawakuimudu. Vijana wa Soweto hawakusubiri wazee wawaamulie. Walijipanga wenyewe, akina Tsietsi Mashinini wa sekondari ya Morris Isaacson, kijana wa miaka 19, wakaingia barabarani kwa maelfu na sare zao za shule. Polisi wakafyatua risasi. Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Ile picha mnaijua, amebebwa mikononi, dada yake anakimbia pembeni. Aliyeipiga, Sam Nzima, aliandamwa na askari mpaka akaikimbia Johannesburg. Tume ya serikali hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuhesabu maiti za miezi iliyofuata: 575.

Tangu 1991, kwa uamuzi wa OAU, bara zima linaikumbuka siku hii. Sasa mkubwa anayekata keki leo, kesho atakwambia mwanafunzi asijihusishe na siasa, eti asome kwanza. Ukitaka kuandamana anakudai kibali, wakati sheria yetu inataka taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Mikutano ya hadhara ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023, na miaka yote hiyo Juni 16 ikasherehekewa kama kawaida, bila hata aibu.

Kinachouma zaidi ni kwamba nchi hii ilishajua maana ya siku hii. Vijana waliokimbia baada ya Soweto, wengine walifika kwetu Morogoro. Serikali ya Mwalimu iliwapa ANC ardhi Mazimbu, ikajengwa shule yenye jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Yaani watoto wa wenzetu walioandamana bila kibali tuliwapa ardhi ya kujenga shule. Wa kwetu tunawapa mabomu ya machozi.

Kwa hiyo mkiziona picha za keki leo, msitukane mtu. Wekeni picha ya Nzima hapohapo chini, na muulize mgeni rasmi asubuhi ile angesimama upande gani. Na ninyi mnaosoma SUA, kampasi ya Solomon Mahlangu ndiyo hiyohiyo Mazimbu. Makaburi ya wapigania uhuru bado yapo pale. Piteni leo jioni.