Orodha ya Wapangaji Isomwe Hadharani

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha yanayofikika. Hatupingi ghorofa; ardhi ya Nairobi haiongezeki, na chumba kidogo chenye maji na choo chashinda mabati. Lakini Kibera, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya umma, wapangaji wengi hawana hata karatasi. Kawangware, neno la mwisho ni la mwenye ploti. Nyumba 822 za Soweto Mashariki zilikabidhiwa 2016, miaka saba tangu wakazi wahamishiwe Lang'ata. Miaka saba! Twadai basi: kabla kibanda hakijabomolewa, orodha ya wapangaji isomwe hadharani, hata kanisani, na vyumba vya chini watengewe wazee na wenye ulemavu.