Lugha Haichomekwi Kichwani

Riwaya ya Mmarekani George Alec Effinger, When Gravity Fails, ya miaka ya 1980, imewagawa wasomaji. Wengine wanaisifu: mji wa siku zijazo ni wa Kiarabu, si Tokyo wala New York. Wengine wanalalamika: mbona umejaa ulevi na mauaji?

Wote wana hoja. Lakini mimi, mwalimu mstaafu, kilichonishika ni kile kidude: unakichomeka kichwani, papo hapo unasema lugha usiyoijua. Ukikichomoa, imekwenda.

Wajukuu zangu hapa Maskati wanakielewa Kiswahili changu, ila wananijibu kwa Kiingereza. Kidude hicho wangekipenda! Jamani, chetu tunacho: sinia ya wali, hadithi za bibi, na subira. Leo usiku waulizeni kwa Kiswahili, na msubiri jibu la Kiswahili.